Sonona si Uvivu Wala Kujidekeza

Sonona ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu awe na huzuni nzito, au apoteze hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa muda wa wiki 2 au zaidi. Huambatana na uchovu, kukosa usingizi, kupungua kwa hamu ya chakula na kujilaumu. Huzuni ya kawaida hupungua kadiri siku zinavyopita. Sonona huweza kumfanya mtu ashindwe kabisa kutekeleza majukumu yake.

Kwa macho ya jirani, dalili hizo huonekana kuwa ni tabia. Mkulima asiyekwenda shambani huitwa mvivu. Mama aliyejifungua karibuni, asiyemfurahia mtoto wake, huambiwa hana shukrani. Mwanamume mwenye hasira na anayezidisha pombe huonekana mkorofi. Wengine hulalamikia maumivu ya kichwa, mgongo au kifua, wakapimwa malaria mara kwa mara bila vijidudu kuonekana. Wapo pia wanaodhaniwa kuwa wamerogwa. Kila jina la namna hiyo humwongezea mgonjwa aibu, naye huificha hali yake hadi inapozidi.

Kumwambia mgonjwa ajikaze hakumtibu. Kinachosaidia ni kuketi naye, kumsikiliza bila kumhukumu na kumsindikiza kupata huduma. Akisema kwamba amechoka kuishi, kauli hiyo isipuuzwe. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumwingizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Katika hali hiyo asiachwe peke yake, viuatilifu na sumu nyinginezo viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mgonjwa ambaye hayuko katika hatari hiyo, huduma huanzia zahanati au kituo cha afya, na inapohitajika hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Maafisa ustawi wa jamii nao hutoa ushauri kwa mgonjwa na familia yake. Matibabu huwa ni ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili. Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Kwa hiyo mgonjwa asiziache bila maelekezo ya mtaalamu, hata anapojisikia vizuri. Ndugu anayemkumbusha dawa na kuongozana naye kliniki anachangia kupona kwake.