Muhogo mchungu hautaki haraka

Msomaji, ukiuma kipande cha muhogo na kukuta ni mchungu, hufanya nini? Wapo wanaoongeza chumvi na pilipili wakaendelea kula. Usifanye hivyo. Uchungu huo mara nyingi ni onyo kwamba kazi fulani ndani ya muhogo haikumalizika.

Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya, ambacho walimu wengine hukiita enzaimu. Hii ni protini inayoharakisha mabadiliko ndani ya viumbe bila yenyewe kuisha. Tafuna ugali polepole na utaonja utamu kidogo: kimeng'enya cha mate kimeanza kugeuza wanga kuwa sukari.

Ndani ya kila seli ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini, kimefungiwa peke yake. Kimeng'enya chake, linamaresi, kimo katika kuta za seli. Mradi hivi viwili vimetengana, hapana neno. Mnyama akitafuna mzizi, vinakutana, na mwishowe sianidi inatoka, ambayo ni sumu kali. Hiyo ndiyo silaha ya mmea. Nasi tunaweza kuitumia silaha hiyo hiyo kujiokoa: tuache kimeng'enya kimalize kazi yake mapema, sumu ipotee hewani kabla chakula hakijafika mezani. Sianidi hii huchemka kwa nyuzijoto 26 hivi, kwa hiyo hupeperuka kwa urahisi.

Je, ni mambo gani huamua kasi ya kimeng'enya?

La kwanza ni kukutana. Muhogo mzima huficha linamarini yake. Ukikunwa au kutwangwa, seli hupasuka. Ndiyo sababu kisamvu hutwangwa kwenye kinu kabla ya kupikwa. Kinu hakilainishi majani tu.

La pili ni wingi. Kimeng'enya kikiwa kingi, kazi huisha upesi. Majani ya muhogo yana linamaresi nyingi kuliko mizizi, kwa hiyo kisamvu kilichotwangwa vizuri hupoteza sumu haraka, ilhali mizizi huhitaji subira zaidi.

La tatu ni maji. Unga mkavu unaweza kubaki na linamarini na kimeng'enya pamoja, lakini bila unyevu kazi husimama.

La nne ni joto. Kadiri joto linavyoongezeka, kimeng'enya huenda mbio, lakini kuna mpaka. Katika maji yanayochemka, protini yake huharibika, na kupoa hakuirudishi, kama vile yai lililochemshwa lisivyoweza kuwa bichi tena. Hapa ndipo hatari ilipo: ukitia muhogo mchungu mzima katika maji ya moto, unamuua mfanyakazi kabla hajamaliza kazi. Linamarini hubaki, na vijidudu vya tumboni vinaweza kuivunja baadaye na kutoa sumu mwilini mwako.

La tano ni uchachu. Kila kimeng'enya kina kiwango kinachokipendeza. Kile cha mate hulegea kikifika kwenye asidi ya tumbo, na pepsini ya tumboni hufanya kazi katika asidi hiyo hiyo. Linamaresi hupendelea uchachu hafifu tu.

Haraka katika jambo hili imewagharimu watu miguu yao. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiotibika. Mwaka 1985 ulizuka wilayani Tarime, Tanzania, karibu na mpaka wetu. Wanaoathirika zaidi ni watoto na akina mama vijana. Ukame huongeza sumu katika muhogo, na njaa huwafanya watu wapunguze siku za kuloweka na kuanika. Mwili nao huhitaji protini ili kuivunja nguvu sianidi, na mlo wa muhogo mtupu hauna protini ya kutosha.

Habari njema ni kwamba dawa ya unga ni rahisi. Mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia na wenzake waliibuni hivi: tia unga wa muhogo katika bakuli, weka alama palipofikia. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, usizidi unene wa sentimita moja, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kisha usonge ugali siku hiyo hiyo. Njia hii ilijaribiwa mwaka 2010 na 2011 katika kijiji kimoja cha Popokabaka, Kongo, na hapakutokea mgonjwa mpya.

Kwa mama na baba wa mjini, nunua muhogo mtamu kwa muuzaji unayemwamini, uumenye, uuchemshe hadi uive kabisa na umwage maji yake. Ukiwa mchungu, usiwape watoto. Unga wa muhogo ule kwa maharagwe, omena au mayai.

Nawe mwanafunzi, mtihani ukikuuliza kuhusu kasi ya vimeng'enya, usikariri tu. Kumbuka kinu, maji, jua na ile sufuria inayochemka.