Kivu: Kabla ya kununua maua ya salvia, uliza kwanza yatakunywa maji kiasi gani

Mvua inapokatika mwezi wa sita, bustani nyingi za Bukavu na Goma hubaki na vumbi na majani makavu. Hapo wakaaji wanaopenda maua hukuta chaguo gumu: bidoni ya maji iliyobebwa kutoka mbali iende jikoni, ama imwagiliwe maua? Kwa wenye kupanda salvia, jibu linategemea aina waliyoichagua miezi mingi mbele.

Salvia, ambayo kwa Kifaransa huitwa sauge, ni jamii kubwa yenye aina zaidi ya 900 duniani. Ni ndugu ya mnanaa na lumbalumba: shina lake lina pembe nne, majani hutoka mawili mawili yakielekeana, na mengi hutoa harufu yakisuguliwa. Aina inayojulikana sana jikoni ni Salvia officinalis. Zile za bustani hupandwa kwa ajili ya rangi. Zisitiwe ndani ya chai ama dawa kwa sababu tu zina jina moja.

Pakiti inasema « été », lakini hapa hakuna été

Mbegu nyingi zinazotoka Ulaya huandikwa kwamba ua litachanua « été » ama « automne ». Maneno hayo yanafuata mwangaza wa kule. Mjini Paris, mchana wa mwezi wa sita unafika karibu saa 16, na ule wa mwezi wa kumi na mbili unabaki karibu saa 8. Salvia fulani hungoja usiku urefuke ndipo zichanue, na ndiyo maana kule huitwa maua ya automne.

Bukavu na Goma ziko karibu na ikweta. Mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, na tofauti haifiki hata nusu saa. Kwa hiyo aina hizo hazina sababu ya kungoja mwezi fulani: zinaweza kuchanua mara kwa mara, mradi zina jua na mizizi yao imeshika vizuri. Kinachobadilika hapa ni mvua, na hiyo ndiyo ya kuangalia wakati wa kuchagua.

Mahali ua lilipotoka panaonyesha kiu yake

Salvia nyekundu inayopendwa sana, Salvia splendens, asili yake ni Brazili, penye unyevu. Inavutia macho kwa sababu hata kikombe kinachoshika ua ni chekundu, hivyo rangi hubaki baada ya ua lenyewe kuanguka. Lakini udongo ukikauka, majani yake hulegea haraka. Wakati wa kiangazi inataka maji mara kwa mara na kivuli kidogo cha mchana.

Salvia leucantha inatoka Mexico na Amerika ya Kati. Maua yake meupe hukaa ndani ya vikombe vya zambarau, laini kama kitambaa cha veluru. Majani yake ni membamba, na upande wa chini yana manyoya meupe yanayosaidia kupunguza maji yanayopotea. Ikisha kushika udongo, huvumilia ukavu vizuri. Inapita metre moja kwa urefu na hutanuka sana, kwa hiyo haifai kubanwa kando ya njia.

Salvia farinacea, ya buluu, asili yake ni Texas na kaskazini ya Mexico, penye jua kali. Shina lake huonekana kama limepakwa unga. Ni fupi kuliko leucantha, inavumilia joto, na inafaa parseli ndogo. Kuna tena Salvia coccinea, nyekundu na nyepesi zaidi, ambayo huangusha mbegu na kujipanda yenyewe. Asiyeitaka kila mahali aingoe ingali changa.

Panda mbele ya mwezi wa sita

Anayetaka rangi mwezi wa saba asingoje mvua iishe ndipo apande. Miezi ya tatu na ya nne inafaa zaidi, kwa sababu mizizi hupata nafasi ya kushuka chini wakati udongo ungali na maji.

Leucantha haihitaji kununuliwa. Omba jirani tawi lisilokuwa na ua, urefu wa kiganja, toa majani ya chini, lichomeke ndani ya udongo wenye unyevu, kivulini. Splendens hupandwa kwa mbegu. Zisifunikwe sana, kwani zinahitaji mwangaza ili ziote.

Salvia nyingi huogopa maji yanayotuama, kwa sababu mizizi huoza. Penye udongo mzito wa mfinyanzi, kama sehemu nyingi za Bukavu, inua kitalu na uchanganye mbolea ya majani yaliyooza. Goma, penye mawe ya volkano, maji hupita upesi: hapo mbolea hiyo inasaidia kuyashika, na majani makavu juu ya udongo hupunguza ukavu. Maua yakizeeka, kata mashina hayo ili machipukizi mapya yatoke.

Mwenye nafasi ndogo na maji machache anaweza kuweka leucantha moja kwenye pembe yenye jua, farinacea mbele yake, na splendens moja ama mbili ndani ya vyungu karibu na mlango wa jikoni. Maji yaliyooshea mboga yatatosha kwa vyungu hivyo. Bidoni itabaki kwa ajili ya chakula, na ndege wadogo wanaonyonya maua wataendelea kuja hata mwezi wa nane.