Pancha: Ni Lini Tairi Lizibwe, na Ni Lini Libadilishwe?

Msumari mmoja au mwiba wa mgunga watosha kumsimamisha dereva kati ya Voi na Mwatate. Afikapo kwa fundi wa pancha, swali huwa moja: tairi lizibwe au linunuliwe jingine? Kuziba hugharimu shilingi mia chache ilhali tairi jipya hugharimu maelfu, hivyo wengi huamua kwa kuangalia mfuko. Hata hivyo, kinachofaa kuamua ni mahali tundu lilipo na hali ya tairi kwa ndani.

Tundu dogo lililo katikati ya sehemu inayokanyaga barabara huweza kuzibwa, mradi upana wake usizidi milimita 6, yaani jembamba kidogo kuliko penseli. Tundu likiwa ubavuni, au kwenye bega ambapo ubavu unaanzia, tairi libadilishwe. Ubavu hujipinda kila gurudumu linapozunguka, kwa hivyo kiraka hakidumu hapo na tairi linaweza kupasuka ghafla gari likiwa kasi.

Jambo la pili ni umbali ambao gari lilienda bila upepo. Tairi likiisha upepo, ubavu hubanwa kati ya rimu na barabara, na nyuzi zake za ndani hukatika. Kwa nje huenda lisionyeshe dosari yoyote. Fundi akilifungua na kukuta unga mweusi wa mpira ndani, au ubavu uliochubuka, tairi hilo halifai tena hata kama tundu lenyewe ni dogo.

Ndiyo maana madereva wanashauriwa kuomba tairi litolewe kwenye rimu kabla ya kuzibwa. Kuchomeka uzi wa mpira kutoka nje huchukua dakika chache na humwezesha dereva kufika mjini, lakini fundi hajaona ndani. Njia bora ni kujaza tundu lote kisha kubandika kiraka kwa ndani, ili maji yasipenye na kuozesha nyaya za chuma.

Umri na uchakavu pia huzingatiwa. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Tairi likilika hadi kulingana navyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6, na kuliziba ni kupoteza pesa. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonyesha lilipotengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi kuukuu lenye nyufa libadilishwe.

Anayenunua tairi jipya ahakikishe lina vipimo sawa na yale mengine. Iwapo mwenzake wa upande wa pili amelika sana, ni heri yabadilishwe yote mawili ili gari lisivute upande mmoja dereva anapofunga breki.

Kwa wanaoteremka kutoka Wundanyi, penye mteremko mkali na kona nyingi, tahadhari hii ni muhimu zaidi, hasa kwa magari ya abiria na ya wanafunzi. Kabla ya safari, dereva akague matairi yote manne, na asisahau upepo wa spea.