Foleni ya Ghafla na Magari Yanayopashana Habari

Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, mji wa Bariadi ulifanywa makao makuu yake. Leo barabara ya lami huuunganisha mji huo na Lamadi, katika barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, na pia, kupitia Maswa, na Mwigumbi katika barabara kuu ya Mwanza hadi Shinyanga. Malori ya pamba, mabasi, baiskeli na mifugo hukutana katika njia hizo.

Msongamano ni wa namna mbili. Upo unaotarajiwa, kama ule wa siku ya gulio, au wa maonyesho ya Nane Nane yaliyofanyika kitaifa Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020. Huo hupangiwa mapema. Wa pili huzuka ghafla: lori limevunjika ekseli katikati ya njia. Huo ndio mgumu.

Hesabu ya foleni

Tuchukue mfano wa kubuni. Barabara yaweza kupitisha magari 12 kwa dakika, na yanayofika ni 10. Lori linaharibika, kwa dakika 30 yanapita 4 tu. Kila dakika magari 6 yanabaki nyuma, hivyo foleni inafikia magari 180. Lori likiondolewa, foleni hupungua kwa magari 2 tu kila dakika, nayo huchukua dakika 90 kwisha. Kizuizi cha nusu saa kimezaa adha ya saa mbili. Ikiwa ndani ya foleni yumo mama mjamzito anayekimbizwa hospitali, msomaji ataona uzito wa jambo lenyewe.

Dawa ni habari kufika mapema. Gari lenye kipokezi cha mawimbi ya setilaiti hujua mahali lilipo na mwendo wake, na kwa mtandao wa simu huweza kuipeleka habari hiyo kwenye kompyuta. Hapa nchini mabasi ya masafa marefu hufuatiliwa kwa kifaa cha namna hiyo na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), hasa ili kudhibiti mwendo kasi. Magari mengi yakipunguza mwendo mahali pamoja, kompyuta hutambua kwamba pana kizuizi. Kisha hutafuta njia nyingine kwa kanuni kama ile iliyochapishwa mwaka 1959 na Mholanzi Edsger Dijkstra: njiapanda huwa nukta, barabara huwa mistari, na kila mstari hupewa muda wa safari.

Hatari ya kuwaelekeza wote

Turudi kwenye mfano wetu. Pana njia ya pembeni inayopitisha magari 5 kwa dakika. Magari yote 10 yakielekezwa huko, foleni ya magari 150 itazuka upande wa pili katika nusu saa ile ile, na barabara kuu ibaki tupu. Lakini yakielekezwa 5 tu, foleni ya barabara kuu haizidi magari 30, nayo huisha kwa dakika chache baada ya lori kuondolewa. Mwaka 1952 Mwingereza J. G. Wardrop alitofautisha mambo haya mawili: kila dereva kuchagua lililo jema kwake, na wote kwa jumla kutumia muda mfupi kabisa. Hayo si lazima yalingane. Kwa hiyo hapana budi kompyuta iwagawanye madereva, wala isiwape wote jibu moja.

Aidha, ramani haijui kila kitu. Udongo mweusi wa mbuga, ulio mwingi Simiyu, hugeuka tope zito wakati wa masika. Njia fupi ya kiangazi humnasa dereva. Njia nyingine hupita mbele ya shule, na baiskeli wala ng'ombe hawatumi habari zozote kwenye kompyuta. Maarifa ya wenyeji yapasa kuingizwa katika hesabu.

Walimu wa hisabati waweza kulifanya jambo hili zoezi. Wanafunzi wasimame mahali salama karibu na njiapanda, wahesabu magari ya kila dakika kwa nusu saa, kisha watafute: njia moja ikifungwa, ni magari mangapi yapelekwe kwenye nyingine?