Dawa ya Kupunguza Kolesteroli: Kwa Mtu Mzima na Kwa Mtoto

Ndugu askari na polisi, wengi wetu huhesabu maradhi ya moyo kuwa habari ya wazee. Ushahidi wa kinyume chake ulitoka kwa askari. Mwaka 1953 madaktari wa Kimarekani walitangaza matokeo ya kuchunguza mioyo ya askari 300 wa nchi yao waliouawa katika vita vya Korea. Umri wao, kwa wastani, ulikuwa miaka 22. Hata hivyo, 77 katika kila 100 walikutwa na dalili za ugonjwa katika mishipa inayolisha moyo. Basi maradhi yanayomwangusha mtu akiwa na miaka 50 huanza kimya kimya angali kijana.

Kolesteroli si sumu. Mwili huihitaji ili kujenga seli zake, na sehemu kubwa hutengenezwa na ini lenyewe. Ikizidi damuni hupenya katika kuta za mishipa, hurundikana humo, na njia ya damu huwa nyembamba.

Dawa ziitwazo statini zina asili yake Japani, ambako mwaka 1973 mtaalamu Akira Endo alipata katika ukungu kitu kinachozuia kolesteroli isitengenezwe. Statini ya kwanza iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1987. Dawa hii hukizuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Ini likipungukiwa, huongeza vipokezi, yaani milango ya kuivuta kolesteroli kutoka damuni. Ni kama kambi iliyofungiwa shamba lake: haina budi kuongeza magari ya kwenda kuleta chakula sokoni.

TOFAUTI IKO WAPI?

Ndani ya ini, dawa hufanya kazi ile ile kwa mkubwa na kwa mdogo. Kinachotofautiana ni hali ya mishipa wakati dawa inapoanza. Mtu mzima mara nyingi huanza mishipa ikiwa imekwisha kuumia, naye hupewa dawa ili madhara yasizidi. Faida yake ni kubwa hata hivyo. Katika uchunguzi wa wagonjwa 4,444 wa nchi za Skandinavia, uliotangazwa mwaka 1994, vifo vilipungua kwa asilimia 30 hivi katika muda wa miaka mitano na ushei.

Mtoto hapewi statini kwa sababu ya unene peke yake. Hasa hupewa yule aliyerithi upungufu wa vipokezi kutoka kwa mzazi, kasoro inayompata mtu 1 katika kila 250 hivi. Damu yake imejaa kolesteroli tangu kuzaliwa, na chakula chema pekee hakitoshi. Kwake dawa huongeza kazi ya vipokezi vilivyo vizima. Aliyerithi kasoro kwa wazazi wote wawili huwa na vipokezi vichache mno au hana kabisa. Huyo statini humsaidia kidogo tu, naye huhitaji tiba nyingine.

Huko Amsterdam, watoto 214 wenye kasoro hiyo walianzishiwa dawa, na baada ya miaka 20 wengi wao wakachunguzwa tena. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Kufikia umri wa miaka 39, 1 tu katika 100 alikuwa amepatwa na maradhi ya moyo na mishipa. Kwa wazazi wao wenye kasoro ile ile, walikuwa 26 katika 100. Miongoni mwa wazazi hao, 7 katika 100 walikuwa wamekufa kwa maradhi hayo katika umri huo. Miongoni mwa watoto, hakuna.

TAHADHARI

Kwa kawaida dawa huanza mtoto akiwa na miaka 8 hadi 10, kwa kipimo kidogo. Daktari hulichunguza ini na ukuaji wake. Uchunguzi uliofanywa haukuonyesha kwamba dawa hudumaza watoto au huchelewesha kubalehe. Maumivu ya misuli yasiyo na sababu yaelezwe kwa daktari upesi, na binti akipata mimba amwone daktari mara moja, kwani kwa kawaida dawa husimamishwa. Mzazi asimgawie mtoto vidonge vyake mwenyewe.

Mwenzetu akianguka kwa moyo kabla ya kutimiza miaka 55, tusikomee kusema siku zake zilifika. Wanawe wapelekwe kupimwa damu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.