Orkestra ya Kanisa Huanzia Kooni

Sharika nyingi huchangishana kununua kinanda na spika, na mwaka unaofuata kwaya inaimba vilevile. Kwaya iliyozoea kuegemea kinanda haijui hata imeshuka sauti, maana spika zinaifunika.

Mwalimu azime spika kwanza. Atoe do mara moja, waimbe ubeti mzima bila ala, kisha aiguse do ile tena. Kwaya nyingi zitakutwa zimeteremka, na mara nyingi shimo liko kwenye mi na ti, ambazo waimbaji huzifikia kwa uvivu wimbo unapopanda. Arudie vipande hivyo polepole, sauti moja moja, besi wakishikilia do chini yao. Kazi hii inachosha, na hakuna njia ya mkato.

Kwaya ikishashika sauti, orkestra inaweza kufuata, na uhaba wa ala hauzuii kuanza. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa nabii Simon Kimbangu, alianzisha orkestra ya Kanisa la Kimbangu mjini Kinshasa. Fidla zilikuwa chache kuliko wapigaji, hivyo wakapokezana, na waya wa breki za baiskeli uliwahi kutumika badala ya nyuzi. Baadaye walipiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven pamoja na kwaya yao. Naiheshimu sana orkestra ile.

Ala zikishapatikana, matatizo mapya huja nazo. Kwaya zetu husoma solfa, ambamo do huhama popote, lakini mpiga ala lazima aambiwe do iko wapi. Tarumbeta ya B flati hutoa sauti iliyo toni nzima chini ya noti aliyosoma mpigaji, kwa hiyo lazima aandikiwe karatasi yake mwenyewe. Wapiga fidla hupenda funguo za D na G, wa tarumbeta B flati na E flati. Ufunguo wa F huwafaa wote, nami ningeanza nao.

Joto nalo lina lake. Kanisa likijaa watu, tarumbeta hupanda na nyuzi za fidla hulegea, ilhali kinanda cha umeme hakisogei. Ala zilizolinganishwa asubuhi kungali na baridi zitagombana ifikapo sadaka. Wapigaji wapulize dakika kadhaa kwanza, ndipo walinganishe kwa kufuata kinanda, na warudie wakati wa matangazo, kimyakimya, kabla ya wimbo wa kwaya.