Akiinuka Sijida Anaona Giza: Si Jini, Si Uvivu

Binamu yangu ana lupasi, mwaka wa sita huu. Viungo vimetulia kwa dawa, lakini kila akiinuka kutoka sijida macho yanaingia giza na moyo unamwenda mbio, hata siku hizi anaswali kitini. Nyumbani yamesemwa mengi: amepagawa, anajidekeza, anakwepa kazi za jikoni. Kombe amekunywa. Zahanati moja ilimpima presha akiwa amekaa, ikawa sawa, akarudishwa na vidonge vya kuongeza damu.

Mwilini mna neva zinazofanya kazi bila sisi kuziamuru: mapigo ya moyo, presha, jasho, mate, kusaga chakula. Ukisimama, damu ya nusu lita au zaidi huteremka tumboni na miguuni. Neva hizo hubana mishipa papo hapo ili ubongo usikose damu. Katika lupasi, baridi yabisi na ugonjwa wa Sjögren, ule unaokausha macho na mdomo, kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, na wakati mwengine neva hizi nazo hupata madhara. Kisukari pia huziharibu, na hicho Pwani twakijua sana.

Kuna neva moja kubwa, vagasi, itokayo ubongoni hadi tumboni. Mwaka 2002 daktari Kevin Tracey wa New York alieleza kuwa neva hiyo husaidia kutuliza uvimbe. Mwaka 2025 Marekani ikaidhinisha kifaa kinachopandikizwa shingoni kuichangamsha, kwa wagonjwa wa baridi yabisi ambao dawa kali hazikuwafaa. Sisi huku tuanze na kipimo cha presha, ambacho zahanati nyingi zinacho.

Mgonjwa alale dakika tano, apimwe presha na mapigo. Kisha asimame, apimwe tena. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10 ndani ya dakika tatu, kuna jambo. Presha isiposhuka lakini mapigo yakapanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika kumi, pia kuna jambo. Upungufu wa maji, wa damu, na hata dawa za presha huleta hali hiyo hiyo, kwa hivyo daktari ndiye wa kupambanua. Msijianzishie chumvi nyingi, maana lupasi hupenda kushika figo. Na mwenye hali hii amuone daktari kabla ya Ramadhani, asingoje aanguke.

Binamu yangu alipimwa hivyo wiki iliyopita. Mapigo yalikuwa 78 amelala, yakafika 121 amesimama. Mamake alikuwa kando, akaomba aonyeshwe ile karatasi.